Kutoa Mji: Juu ya Kuomba Msaada katika Fumbo la Maneno la Gazeti

Katika mambo ambayo walimu hubishana wakutanapo, moja ni hili: mtu aketiye na gazeti lake, akashindwa na fumbo la maneno lililopigwa chapa humo, je, yafaa aombe msaada? Wengine husema kwamba fumbo ni jaribio la akili ya mtu mmoja, na anayeuliza amekwisha kushindwa. Wengine husema kwamba lugha ni mali ya watu wote, wala hakuna mtu aliyeipata bila kuuliza. Sisi twaona ya kuwa swali hili ni kubwa kuliko lionekanavyo, kwa maana linaingia mpaka darasani, na twataka kulieleza kwa kadiri ya tujuavyo, tukianza na fumbo lenyewe, kisha tukipita katika desturi ya wazee wetu, hata tufike Tunduma, mahali tulipojifunza jambo hili kwa macho.

Fumbo la maneno, ambalo wengine huliita chemsha bongo na wengine mraba wa maneno, ni mchoro wa vyumba vidogo vidogo, vingine vyeupe na vingine vyeusi. Kila chumba cheupe hukaa herufi moja. Maneno mengine huandikwa kwenda kulia, na mengine kushuka chini, nayo hukatana, hata herufi moja ikawa ya maneno mawili. Kando ya mchoro yamo madokezo yenye namba, na kila dokezo hueleza neno lake kwa ufupi. Mchezo huu si wa zamani. Wa kwanza ulipigwa chapa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, na aliyeutunga ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool katika Uingereza. Umbo lake lilikuwa mfano wa almasi, si mraba kama tuujuao leo. Mwaka 1924 kikatokea kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo huko New York, na tarehe 1 Februari 1930 gazeti la The Times la London, lililosifiwa kwa ukali wa tabia zake, nalo likakubali kuyapiga chapa. Tangu hapo yameenea katika lugha nyingi, na Kiswahili ni mojawapo.

Walakini, ijapokuwa mchoro ni mgeni, jambo lililomo ndani yake si geni kwetu. Kabla gazeti halijawapo, watoto wa pwani na wa bara walikuwa wakiketi jioni, mmoja akasema, “Kitendawili!” na wenzake wakaitika, “Tega!” Ndipo huyo husema, “Nyumba yangu haina mlango,” au, “Kuku wangu katagia mibani.” Ajuaye hujibu kwamba ya kwanza ni yai na ya pili ni nanasi. Tazama vema maneno yatumikayo hapo. Kitendawili hutegwa, kama mtego wa ndege, na ajibuye hukitegua. Ndiyo kusema wazee waliona kwamba mwenye swali amemwekea mwenziwe kamba, na mwenye akili ataifungua bila kunaswa.

Lakini yatupasa kuangalia zaidi ni lile litokealo watu wanaposhindwa. Mtegaji hawaambii, “Ninyi wajinga,” wala hanyamazi na jibu lake mpaka kesho. Husema, “Nipeni mji.” Nao humpa mji, labda Unguja, labda Mombasa, labda Mbeya. Mara nyingine huukataa, akisema kwamba mji huo ni mdogo, naye hutaka mkubwa zaidi. Akiisha kuridhika, hutwaa mji wake, akasimulia jinsi alivyokwenda huko, na jinsi alivyopokewa na wenyeji, kisha hutoa jibu mbele ya wote. Basi kila mtu hulishika jibu lile, na kesho yeye mwenyewe huweza kuwategea wengine.

Desturi hii ina hekima tatu. Ya kwanza, kuomba msaada kuna mlango wake uliowekwa, wala si aibu kuupitia. Ya pili, msaada una bei: ashindwaye hukubali wazi kwamba ameshindwa, na hulipa mji. Ya tatu, jibu halitolewi kwa siri katika sikio la mmoja, bali hutolewa mbele ya wote, ili wote wawe wameongezewa. Tuyaweke mambo haya matatu moyoni, maana tutayarudia.

Sasa tufike Tunduma. Msomaji ajuaye nchi hiyo hahitaji kuelezwa, walakini kwa ajili ya wengine twasema kwamba Tunduma ni mji wa mpakani, katika Mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao makuu yake yapo Vwawa. Ng’ambo ya mpaka ni Nakonde ya Zambia, na mtu husimama upande huu akaona maduka ya upande ule. Reli ya TAZARA, iliyojengwa katika miaka ya 1970 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, hupita hapo, na barabara kuu kadhalika. Wenyeji wa nchi hizo ni Wanyamwanga, Wanyiha, Wandali na jamaa zao, na Wanyamwanga wamo pande zote mbili za mpaka. Lakini mjini mna watu wa kila namna: madereva wa malori wakingoja karatasi zao, utingo wao, wabadilisha fedha, wachuuzi wa mpunga na mahindi, na wanawake wapikao chakula kwa ajili ya wasafiri hao wote. Kwa hiyo mtu atafutaye neno la Kiswahili huko hukuta watu wa Tanga, wa Kigoma, wa Mtwara na wa Lubumbashi wameketi katika benchi moja. Kamusi kubwa ya watu ipo pale, ila haikupangwa kwa herufi.

Tulikuwa tumeketi kwa mama lishe mmoja karibu na barabara, tukinywa chai, pamoja na mwalimu kijana wa shule ya msingi ambaye hatutamtaja jina. Alikuwa na gazeti lililopigwa chapa Dar es Salaam, nalo lilikuwa limesafiri zaidi ya kilomita 900 kabla ya kumfikia. Alikuwa na kawaida ya kulifumbua fumbo lake kila siku kwa kalamu ya wino, tena peke yake, naye alijivunia hilo. Siku hiyo alikunja uso, akasema kwamba gazeti limekosea.

Tukamwomba atuonyeshe. Dokezo moja la kwenda kulia lilisema, “Chombo cha kupepetea nafaka,” vyumba vinne. Akaandika UNGO, wala nani angeandika lingine? Kutoka katika herufi ya pili ya neno hilo likashuka neno la vyumba vitano, lenye dokezo, “Mnyama mkubwa mwenye mkonga.” Herufi yake ya kwanza ilikuwa N ya ungo, naye akaandika NDOVU bila kusita. Maneno mawili yakakubaliana kabisa, naye akaendelea kwa furaha. Lakini chini kabisa, herufi ya mwisho ya ndovu ilikuwa pia herufi ya mwisho ya neno la vyumba vitatu, na dokezo lake lilikuwa, “Huanzia chemchemini, huishia ziwani au baharini.” Hilo ni MTO, halina shaka. Mto huishia na O, na ndovu huishia na U. Herufi mbili haziwezi kukaa katika chumba kimoja. Ndipo aliposema kwamba mpiga chapa amekosea.

Sisi tukamwambia, “Jaribu tembo.” Akajibu kwamba amekwisha kumjaribu. Tembo hukaa vema juu ya mto, lakini akiwekwa yeye, herufi ya pili ya chombo cha kupepetea huwa T, na hakuna ungo wenye T. Tukanyamaza, maana sisi nasi hatukulijua neno hilo.

Mama mwenye chakula alikuwa akitusikia huku akipakua. Alikuwa mtu wa Mrima, aliyeletwa Tunduma na ndoa miaka mingi iliyopita. Akauliza, “Mnatafuta nini, wanangu?” Mwalimu akasita. Twaliona jambo hilo waziwazi: aliona haya kumweleza mama wa jikoni fumbo la gazeti. Hatimaye akasema, “Shikamoo, mama. Natafuta chombo cha kupepetea mchele, si ungo.” Akaitika, “Marahaba. Basi si uteo huo?” Akarudi kwenye sufuria yake.

U, T, E, O. Vyumba vinne. Mwalimu akafuta ungo, akafuta ndovu, na kila kitu kikakaa mahali pake. Gazeti halikukosea hata kidogo.

Msomaji na aangalie vizuri jinsi kosa lile lilivyokuwa, maana lina mafundisho. Ungo na ndovu hayakuwa maneno mabaya. Kila moja lilijibu dokezo lake sawasawa, tena yalishuhudiana, moja likilithibitisha lingine kwa herufi ya N. Uteo na tembo nayo yalishuhudiana vivyo hivyo kwa herufi ya T. Mtu akitazama maneno mawili tu hawezi kuzijua jozi hizi mbili ipi ni ya kweli. Neno la tatu, yaani mto, ndilo lililoamua. Ndiyo maana twasema kwamba anayefumbua peke yake yumo katika hatari hii: dhana yake ya kwanza huzaa ya pili, na ya pili huja kuisimamia ya kwanza, naye huona kwamba ana mashahidi wawili, kumbe ni shahidi mmoja aliyesema mara mbili. Huhitaji mtu wa nje, asiyekuwamo katika dhana ile, aje na neno ambalo halikuwamo katika hazina yake.

Tena aliyesaidia hakuwa msomi kuliko aliyesaidiwa. Mwalimu alijua madokezo, vyumba, na ngeli zote. Mama alijua uteo, kwa kuwa aliushika mikononi utotoni mwake. Kiswahili ni lugha ya nchi kubwa, na maneno yake yametawanyika: pwani mtu husema tembo akamaanisha pombe ya mnazi, na bara husikia tembo akamkumbuka mnyama tu. Kamusi zimejitahidi kuyakusanya, ile ya Kiswahili kwa Kiingereza ya mwaka 1939, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na nyingine zilizofuata. Lakini kamusi hujibu mtu aliyekwisha kulijua neno, akataka maana yake. Ajuaye maana, akalikosa neno, atafungua ukurasa gani? Hapo mtu ndiye kamusi, kwa maana mtu waweza kumwambia, “Kile chombo cha kupepetea, si ungo,” naye akakujibu.

Kabla ya kuwauliza watu, hata hivyo, yafaa mwalimu awafundishe wanafunzi kuiuliza lugha yenyewe, maana Kiswahili humsaidia mfumbuaji kwa njia ambazo Kiingereza hakina.

Kwanza, karibu kila neno la Kiswahili huishia na irabu. Chumba cha mwisho kikiwa kitupu, ni mojawapo ya herufi tano tu, A, E, I, O au U, isipokuwa katika maneno machache yaliyotoka lugha nyingine. Tena herufi Q na X hazimo katika maandishi yetu, na C haipatikani bila H kuifuata. Kwa hiyo penye C, andika H katika chumba kinachofuata bila hofu. Ritifaa ya ng’ombe haina chumba chake: neno hilo huhesabiwa herufi sita.

Pili, madokezo hufunua ngeli. Dokezo likisema, “Hiki hukatia nyama,” neno hiki limekwisha kutuambia kwamba jibu huanza na KI au CH, nalo ni KISU. Likisema, “Hivi hukatia nyama,” ni VISU. Likisema, “Vya kulalia,” ni VITANDA. Mwanafunzi aliyechoka na somo la upatanisho wa sarufi, akiuliza lina faida gani, hapa aione faida yake: kiambishi kidogo cha dokezo humpa herufi mbili bure.

Tatu, vitenzi vina mikia ijulikanayo. Dokezo likitaka kinyume cha funga, mkia wake ni UA, yaani FUNGUA. Kinyume cha kunja ni KUNJUA, na cha ziba ni ZIBUA. Hata tega lenyewe lina TEGUA, neno la vitendawili tulilolitaja juu. Likitaka hali ya kutendewa, tafuta WA mwishoni. Vitenzi vya asili yetu huishia na A, bali vile tulivyovipata kwa Waarabu huishia na I, E au U, kama fikiri, samehe na jibu.

Nne, herufi zinazokatana husahihisha ulimi. Wengi wetu wa bara huchanganya L na R katika kusema, na yale tusemayo huingia katika kuandika. Dokezo likisema, “Hupigwa siku ya uchaguzi,” mwanafunzi ataandika KULA kwa urahisi, nalo lina vyumba vinne vilevile kama KURA. Mwalimu akimkemea, atasahau kesho. Lakini neno lishukalo likidai R, mwanafunzi hujionea mwenyewe kwamba kula ni jambo la mdomo na kura ni jambo la sanduku. Twaona hii kuwa mojawapo ya faida kubwa za mchezo huu shuleni.

Kadhalika kila nchi ina neno lake ambalo wenyeji hulijua kuliko wageni. Dokezo likisema, “Jiwe la chuma lililoanguka Mbozi kutoka angani,” mtu wa mbali atakuna kichwa. Mtoto wa Songwe ataandika KIMONDO bila kuuliza, kwa maana amelisikia tangu utoto, jiwe lile lenye urefu wa mita 3 hivi na uzito wa tani 16 hivi, ambalo habari zake ziliwafikia wataalamu wa nje mwaka 1930, ijapokuwa wenyeji walilijua kabla ya hapo. Basi leo mtu wa Pangani humpa mtu wa Mbozi uteo, na kesho mtu wa Mbozi humlipa kimondo. Hakuna mtu aliye mfumbuaji siku zote, wala aulizaye siku zote.

Tuliyoyasema mpaka hapa ni ya gazeti. Lakini yule mwalimu kijana, alipokwisha kuandika uteo, hakucheka wala hakunywa chai yake. Baada ya kitambo akatueleza jambo lililomkaa moyoni.

Alikuwa na desturi ya kuchora ubaoni fumbo dogo kila Ijumaa, na wanafunzi huliandika wakaenda nalo nyumbani. Juma moja aliweka dokezo, “Mawe matatu ya jikoni,” vyumba sita. Darasa lote lilishindwa, maana wengi wao wamezaliwa katika nyumba zenye jiko la mkaa. Msichana mmoja tu alileta jibu: MAFIGA. Mwalimu akamwuliza amelipata wapi. Akasema kwamba alimwuliza bibi yake, naye bibi, asiyejua Kiswahili kingi, alimpeleka nyuma ya nyumba akamwonyesha mawe yenyewe, kisha jirani akawatajia neno. Mwalimu akamwambia mbele ya wenzake kwamba jibu hilo si lake, akalifuta, akampa sifuri kama wale wasioandika kitu. Tangu siku hiyo msichana huyo hakuleta tena fumbo lililojaa. Aliacha vyumba vitupu, maana alijifunza kwamba aulizaye na asiyeuliza hupata alama moja.

Mwalimu akasema, “Na mimi leo nimeonyeshwa uteo na mama wa watu. Je, nijifutie?”

Hatukumjibu, kwa sababu alikwisha kujijibu. Tulipokutana naye tena baada ya miezi kadhaa, alitueleza kwamba aliurudisha ule mchoro ubaoni, akamwita msichana aeleze mbele ya darasa jinsi alivyolipata neno mafiga, hatua kwa hatua, na alama zake akampa. Alisema kwamba alama zilirudi siku hiyohiyo, bali ujasiri wa kuuliza ulikawia. Ni katika muhula uliofuata ndipo msichana alipoleta tena neno alilolitafuta kwa watu.

Twaandika haya si kwa kumlaumu ndugu yule, kwani wengi wetu tumefanya lilelile, tukidhani tunalinda unyofu wa watoto. Walakini yafaa kutofautisha. Kuna msaada ambao ni wizi, na kuna msaada ambao ni elimu. Wachungaji watakikumbuka kitendawili cha Samsoni katika Waamuzi, sura ya 14. Wale vijana thelathini walishindwa kukitegua siku zilizowekwa. Wala hawakukubali kushindwa, bali walimtisha mkewe kwa moto, naye akalipata jibu kwa machozi akawapa kwa siri. Wakaja nalo kana kwamba ni lao. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikuwa na mji: hakuna aliyekiri, hakuna aliyelipa kwa haki, na hakuna aliyeongezewa akili. Mwisho wake ulikuwa damu huko Ashkeloni. Sasa mweke yule msichana kando yao. Yeye alisema wazi, “Sikujua, nikamwuliza bibi.” Alikwenda nyuma ya nyumba, akayaona mawe. Alilileta neno darasani, na darasa lote likalipata. Je, yeye hakutoa mji?

Kwa hiyo sisi twapendekeza kanuni hizi kwa walimu watumiao mafumbo ya maneno.

Mwanafunzi ajaribu kwanza kwa nguvu zake, na maneno yote anayoyajua ayaandike kwa penseli, si kwa wino, ili aweze kufuta dhana zake bila uchungu.

Akishindwa, aulize, na anayesaidia asitoe neno zima mara moja. Kwanza amweleze maana ya dokezo kwa maneno mengine. Isipotosha, amtajie ngeli, au mwisho wa kitenzi. Isipotosha, ampe herufi moja. Akishindwa bado, ndipo ampe neno, pamoja na kumwonyesha kitu chenyewe kama kipo, au kumsimulia habari zake, kama mtegaji asimuliavyo safari ya mji wake. Neno lililotolewa bila habari zake husahaulika kabla wino haujakauka. Siku hizi simu ya mkononi huweza kutoa majibu mengi kwa mara moja, wala hatuikatazi. Lakini aliyejaza mchoro wake hivyo, mwulize baadaye uteo ni kitu gani, ndipo utakapojua kama amepata neno au amepata herufi nne tu.

Aliyesaidiwa ataje aliyemsaidia. Pembeni mwa karatasi na aandike, “Hili nimepewa na bibi,” au, “Hili nimepewa na dereva wa Tanga.” Huo ndio mji wake. Wala asipunguziwe alama kwa kuandika hivyo, maana tukiutoza ukweli faini, tutafundisha uongo.

Lakini gazeti likiwa limeweka zawadi, na sharti lake ni kwamba kila mtu ashindane peke yake, sharti hilo lishikwe. Kadhalika mtihani ni mtihani. Hapo mwanafunzi hupimwa alivyo navyo, wala si wakati wa kutafuta asivyo navyo. Watoto wataelewa tofauti hii upesi kama tukiwaeleza. Wasioielewa ni wale tunaowanyima wakati wa kuuliza siku zote, hata wakauliza kwa siri siku isiyofaa.

Na mwisho, yafaa mwalimu naye aonekane akiuliza. Mtoto akimwona mwalimu wake akimsalimu mpishi na kumwomba neno, atajua kwamba elimu haikai upande mmoja wa ubao. Bibi wa msichana yule hakuwahi kuingia darasani, wala hajui kusoma gazeti, lakini katika fumbo lile alikuwa amejaza vyumba sita ambavyo darasa zima liliviacha vitupu. Wazee wa namna yake wako katika kila kijiji cha Songwe, na maneno wanayoyajua hayakuandikwa yote. Wakifa bila kuulizwa, hakuna mji tutakaoutoa ukarudisha jibu.